Ellora: hekalu lililoanzia paani

Jumamosi, Mumbai na Kisiwa cha Elephanta

Nilitaka kuanzia Elephanta kabla ya kwenda Ellora kuliona hekalu la Kailasa, kwa sababu mahekalu makuu ya sehemu hizi mbili ni ndugu wa karibu. Yote ni ya mungu Shiva, yote yamechongwa ndani ya mwamba mweusi wa volkano, ila lile kubwa la Elephanta lilitangulia kwa takriban miaka 200. Mdogo wangu anasoma Pune, akaja Mumbai kunipokea. Kihindi chake kinatosha kuagiza chakula na kupatana nauli, nami sikuhitaji zaidi ya hapo.

Asubuhi tukapanda boti pale Gateway of India, lango la mawe lililokamilishwa mwaka 1924. Safari ni kama saa moja, unapita katikati ya meli za mafuta na za mizigo zilizotia nanga. Kisiwani kuna gati refu, kisha ngazi nyingi zenye vibanda vya shanga, kofia na maji ya madafu pande zote mbili, na nyani wanaokuangalia mkononi kuliko usoni. Wenyeji wanakiita Gharapuri. Jina la Elephanta lilitoka kwa Wareno, wale wale waliotujengea Fort Jesus pale Mombasa, baada ya kukuta tembo mkubwa wa jiwe karibu na ufuo. Karne ya 19 Waingereza walijaribu kumhamisha tembo yule akavunjika. Ameunganishwa tena, na leo yuko kwenye bustani ya makumbusho mtaa wa Byculla, mjini Mumbai.

Hekalu lenyewe ni ukumbi mkubwa uliochimbwa mlimani katikati ya karne ya 6, karibu mita 39 kila upande, na nguzo nene zilizopangwa kwa safu. Ukiingia kutoka juani huoni kitu. Unasimama macho yazoee, na kidogo kidogo ukuta wa mwisho unaanza kukutolea nyuso. Ni Shiva mwenye nyuso tatu, kichwa na mabega tu, zaidi ya mita tano kwenda juu. Uso wa kushoto umekunja sura na nyoka mkononi, wa kulia ni laini na umeshika ua, wa kati umefumba macho na midomo mizito imetulia. Kazi yangu ni kusimamia ujenzi Dar es Salaam, na nimezoea kutazama kuta nikitafuta kasoro. Pale nilitazama mpaka mdogo wangu akanivuta shati: "Kaka, boti."

Jumapili, njiani kuelekea Aurangabad

Treni inatoka Mumbai, inapita Kalyan, halafu pale Kasara inaanza kupanda milima kuelekea Igatpuri. Hapo ndipo pa kukaa dirishani. Milima imekatika ngazi ngazi, tabaka juu ya tabaka, kwa sababu nyanda hizi zote za Deccan ni lava iliyomwagika, ikapoa, ikamwagika tena juu yake, miaka milioni 66 hivi iliyopita. Likipoa, tope lile la moto linakuwa basalti, jiwe gumu lenye chembe ndogo zilizoshikana. Lina uzito, halimeguki ovyo, na ukilichonga kwa uangalifu linashika hata mkunjo wa kidole. Sehemu kubwa ya mapango ya kuchongwa ya India yako jimbo hili la Maharashtra, na ukiiona milima hii huhitaji kuambiwa kwa nini.

Nashik, kisha Manmad ambako njia inachepuka, mashamba ya vitunguu na pamba, wachuuzi wakipita na birika za chai na vada pav, yaani kachori ya viazi iliyobanwa ndani ya mkate na pilipili ya kutosha. Tulifika Aurangabad alasiri. Jina rasmi tangu mwaka 2023 ni Chhatrapati Sambhajinagar, lakini dereva aliyetubeba, muuza duka na mwenye hoteli wote walisema Aurangabad, nami nitawafuata. Tulibebwa na bajaji, bila shaka. Pembeni mwa mji, Waluj, ndipo kilipo kiwanda cha Bajaj, kwa hiyo huenda nyingine zinazokatiza Kariakoo zilianzia maili chache kutoka pale tuliposhukia.

Usiku tukala bhakri, mkate bapa wa unga wa mtama, na rojo la unga wa dengu lenye kitunguu saumu. Mtama ule ule wa Dodoma na Singida. Nililala nikiwa na furaha.

Jumatatu, Ellora

Ni kilomita 30 hivi kutoka mjini. Kijiji kinaitwa Verul, na mapango yamekaa mstari mmoja kwenye ubavu wa mlima, kama kilomita mbili kutoka kusini hadi kaskazini. Yamepewa namba 34. Kusini ni ya Wabudha, 1 hadi 12. Katikati ya Wahindu, 13 hadi 29. Kaskazini ya Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, 30 hadi 34. Dini tatu zilichonga mlima mmoja kati ya karne ya 6 na ya 10 hivi, na nyakati nyingine kazi zilipishana. Shirika la UNESCO liliyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1983.

Pango namba 16 ndilo Kailasa, na neno pango halilitoshi. Kutoka nje unaona ukuta mrefu wenye lango la ghorofa mbili, na ncha ya mnara ikichungulia nyuma yake. Unapita kwenye kiza cha lango, mbele yako mungu mke Lakshmi amekaa juu ya mayungiyungi huku tembo wakimmwagia maji, unazunguka pembeni, halafu unatokea uani. Hapo nilisimama. Mbele yangu kulikuwa na hekalu zima, lina paa, mnara, baraza, ngazi, madirisha, nguzo, na limezungukwa pande tatu na majabali yaliyokatwa wima. Jabali la nyuma lina kina cha zaidi ya mita 30. Ua wote una urefu wa mita 82 hivi na upana wa mita 46. Vyote hivyo ni jiwe moja. Hakuna tofali, hakuna kiungio, hakuna chokaa kati ya jiwe na jiwe, kwa kuwa hakuna jiwe la pili.

Jinsi ilivyofanyika inasomeka kwenye mwamba wenyewe. Walipanda juu ya mlima, wakachimba mitaro mitatu mikubwa kwenda chini, miwili ya pembeni na mmoja wa nyuma, wakaacha katikati gogo la jiwe lenye urefu wa mita 60 hivi, upana wa mita 30 na kimo cha mita 30. Kisha wakaanza kulichonga kutoka kileleni. Fundi wa nyumba anaanza na msingi na paa linakuja mwisho. Hawa walianza na paa. Mnara ulikamilika wakati watu wakiwa bado wamesimama juu ya jiwe ambalo baadaye lingekuwa ukumbi, na ukumbi ulikuwa ukitoka wakati sakafu ya ua bado haijafikiwa. Hawakuhitaji jukwaa la miti, kwani mwamba ambao hawajauondoa ndio waliosimamia. Anayejua kuchonga kinu kutoka kwenye gogo atanielewa haraka: unatoa, huongezi, na ukishatoa umetoa.

Sasa fikiria maana yake kwa msimamizi wa kazi. Uani wamesimama tembo wawili wakubwa, mmoja kila upande, mikonga yao imevunjika kwa umri na mikono ya watu. Karibu nao kuna nguzo mbili zilizosimama peke yake, zaidi ya mita 15 kwenda juu, zimenakshiwa kuanzia chini hadi juu. Tembo na nguzo zile ilibidi ziamuliwe kabla tindo halijagusa kilele, kwa sababu usipoziachia jiwe tangu juu, ukifika chini hakuna pa kuzitoa. Kuna daraja la jiwe linaloenda kutoka langoni hadi kwenye banda la fahali Nandi, na lingine kutoka hapo hadi ukumbi mkuu. Hakuna aliyelaza ubao wa jiwe kutoka huku hadi kule. Daraja ni jiwe lililobaki baada ya kuchimba chini yake. Nilipita juu yake polepole, nikarudi, nikapita tena.

Maono ya aina hiyo hayatoki hewani. Kusini zaidi, Pattadakal, kuna hekalu la Virupaksha lililojengwa kwa mawe ya kupanga miaka ya 740 hivi, na ramani ya Kailasa inafanana nalo sana: lango, banda la Nandi, ukumbi, chumba kitakatifu, mnara wa ngazi ngazi. Walichofanya wa hapa ni kulichukua jengo ambalo wajenzi wamezoea kulipandisha na kulitafuta ndani ya mlima likiwa tayari. Ndiyo maana darini unaona boriti, na kwenye paa unaona kingo zilizopinda kama za nyumba za miti. Hakuna boriti iliyowekwa na mtu. Ni jiwe lile lile limefundishwa sura ya boriti.

Aliyetuongoza alikuwa mzee mwembamba mwenye tochi, tukimwita baba, naye akituita beta, wanangu. Alitusimulia hadithi wanayoipenda hapa. Mfalme aliugua, malkia akaweka nadhiri kwa Shiva kwamba akipona atajenga hekalu, na hatakula mpaka aone kilele chake. Mfalme akapona. Mafundi wakasema kazi hiyo ni ya miaka, malkia atakufa njaa. Ndipo akaja fundi Kokasa kutoka Paithan akasema ataonyesha kilele ndani ya juma moja, akaanza juu. Ni hadithi, na mzee mwenyewe aliisema kama hadithi. Lakini aliyeitunga alikuwa amelitazama hekalu kwa makini, akajiuliza swali lile lile analojiuliza kila mtu wa ujenzi.

Historia inampa kazi hii mfalme Krishna wa Kwanza wa ukoo wa Rashtrakuta, aliyetawala kuanzia mwaka 756 hadi karibu 773. Wapo wataalamu wanaoona kwamba ilianza kwa mtangulizi wake Dantidurga, na kwamba kumbi za pembeni ziliendelea kuchongwa baadaye. Bamba la shaba lililopatikana Vadodara, la mwanzoni mwa karne ya 9, linasimulia kwamba hata miungu ilipopita angani katika magari yao ilishangaa, na fundi mwenyewe alipomaliza alijiuliza amewezaje kuifanya kazi hiyo. Jina la fundi bamba halikulitaja.

Mchana tulikaa upande wa kusini, chini ya ukumbi, mbele ya sanamu ya Ravana. Nataka niieleze, kwa sababu ndiyo niliyoikumbuka zaidi usiku. Ravana ni mfalme wa mashetani, ana vichwa kumi na mikono mingi. Katika kisa chake anaingia chini ya mlima Kailasa, makazi ya Shiva, anautikisa ili aung'oe. Mchongaji amemwingiza ndani kabisa kwenye shimo la kivuli, amechongwa akiwa karibu mzima mzima, mgongo umekaza, mikono imetanuka kama miale. Juu yake Shiva amekaa na mkewe Parvati. Parvati amelemea upande na kumshika Shiva mkono kwa hofu, na mtumishi mmoja anakimbia amegeuza mgongo. Shiva hajasimama. Anakandamiza kwa kidole cha mguu tu, na Ravana amenaswa. Ukiinua macho unakuta kwamba kilicho juu ya Ravana ni hekalu zima, nalo ndilo Kailasa. Mchongaji hakuchora kisa ukutani, amemweka Ravana chini ya jengo lenyewe.

Jengo linajua liko juu ya nini. Msingi wake, mrefu kuliko mtu, umezungukwa na tembo na simba wanaoonekana kulibeba mgongoni. Tulizunguka tukiwatazama. Hakuna wawili wanaofanana: mmoja anang'oa majani kwa mkonga, mwingine amekabwa na simba, mwingine amegeuza kichwa kama anayesikiliza. Kando ya ngazi kuna visa vya Ramayana na Mahabharata, tenzi kuu za Wahindu, vimepangwa mistari mistari, watu wadogo wa kiganja kimoja, jeshi la nyani likibeba mawe ya kujenga daraja la baharini.

Juu, ndani ya ukumbi, kuna nguzo 16, nne nne kila kona, na ubaridi. Ulivua viatu ngazini, sasa nyayo zinahisi sakafu iliyolainishwa na miguu ya karne nyingi. Chumba cha ndani kina linga, nguzo fupi ya jiwe inayomwakilisha Shiva. Familia moja iliingia na maua, bibi yao akishikiliwa mikono miwili, wakainama, wakatoka. Sisi tulibaki nje ya kizingiti. Mimi ni Mwislamu na mdogo wangu pia, na hakuna aliyetuuliza wala kututazama vibaya. Mzee wetu alimulika tochi dari ya baraza tuone mabaki ya rangi, nyekundu na ya udongo, maana hekalu lote lilipakwa. Nje lilipigwa lipu nyeupe ling'ae kama mlima wa theluji, na baadhi ya lipu hiyo bado imeng'ang'ania mnarani.

Mapango yanatazama magharibi. Saa kumi jua likaanza kuingia kupitia juu ya lango, likapanda kwenye mnara, na kila kidirisha cha nakshi kikapata kivuli chake. Ukienda, nenda mchana na ubaki.

Jumanne, Daulatabad na Khuldabad

Ellora hufungwa Jumanne. Tukachukua gari hadi ngome ya Daulatabad, katikati ya njia ya kwenda Ellora. Ni mlima wa peke yake, na kuta zake za chini zimechongwa zikawa wima ili adui asipate pa kukanyaga, kisha ukazungushiwa handaki lililokatwa mwambani. Sultani Muhammad bin Tughluq alihamishia hapa makao makuu kutoka Delhi mwaka 1327. Ibn Battuta alipita hapa akaandika habari za ngome hii, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kumsifu sultani wa Kilwa kwa ukarimu. Tulipanda mpaka magoti yakaomba radhi.

Mchana tukafika Khuldabad, mji mdogo wa makaburi ya masufi. Mfalme Aurangzeb, aliyefariki mwaka 1707, amezikwa hapa kwenye kaburi la kawaida, wazi kwa mbingu. Lakini mimi nilikuja kwa ajili ya mwingine. Nje kidogo ya mji kuna kuba la mawe meusi la Malik Ambar. Alizaliwa Ethiopia karibu mwaka 1548, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akapitishwa Uarabuni na Baghdad, mwisho akafika Deccan. Humo akapanda kutoka mtumwa hadi askari, kutoka askari hadi mtawala halisi wa usultani wa Ahmadnagar, akawasumbua majeshi ya Akbar na Jahangir, wafalme wa dola ya Mughal, kwa vita vya kuvizia hadi alipofariki mwaka 1626. Mji wa Khadki aliouanzisha mwaka 1610 ndio uliokuja kuitwa Aurangabad, na mfereji wake wa maji, Nehr-e-Ambari, uliopita chini ya ardhi, ulinywesha mji huo kwa karne kadhaa.

Tulimsomea Fatiha. Hapakuwa na mtu ila mlinzi na mbuzi. Nilimwambia mdogo wangu kwamba katika nchi alikotoka Malik Ambar, Ethiopia, kwenye mji wa Lalibela, kuna makanisa 11 ya kuchongwa mwambani, na lile la Mtakatifu Georgi limetolewa kutoka juu kwenda chini, katika shimo lake, kwa njia ile ile ya Kailasa. Karne nne hivi baada ya Kailasa, watu wa mbali kabisa walifika kwenye wazo hilo kwa mikono yao wenyewe.

Jumatano, Ellora tena

Tulianzia juu. Kuna njia inayopanda ubavuni mwa pango namba 16 mpaka ukingoni, na kutoka hapo unalitazama hekalu kama waliolianza walivyolitazama. Unaona paa la ukumbi na yungiyungi kubwa lililochongwa juu yake, na simba wanne wamesimama wakitazama nje. Mtu aliye uani hawaoni vizuri. Wamechongwa kwa uangalifu ule ule.

Hapo ukingoni nilitoa daftari nikapiga hesabu. Makadirio ya jiwe lililoondolewa yanatofautiana, lakini tani 200,000 hutajwa mara nyingi. Tuseme kazi kubwa ilichukua miaka 20. Ni tani 10,000 kwa mwaka, chini kidogo ya tani 28 kwa siku bila kupumzika. Kwa malori yetu ya kokoto ni safari mbili. Watu mia chache wenye nyundo, tindo na vikapu, na mhunzi wa kunoa asubuhi na jioni, wanaweza. Mitaro mitatu inatoa nafasi ya vikundi vingi kufanya kazi pamoja bila kugongana, na mlima unateremka, kwa hiyo kifusi kinashuka chenyewe.

Nimefanya hesabu hiyo kwa sababu mtandaoni kuna watu wengi wanaosema Kailasa halikujengwa na binadamu, kwamba ni viumbe kutoka sayari nyingine waliokuwa na mashine za kuyeyusha jiwe. Inaniudhi kweli. Sisi tumekwisha kuambiwa hayo. Walipoikuta Zimbabwe Kuu, wakoloni walisema ni kazi ya Wafoinike, ya Malkia wa Sheba, ya yeyote yule, ili mradi asiwe Mwafrika aliyekuwa akiishi palepale. Anayesema hivyo hajafika kwenye kuta za pembeni za pango namba 16 akatia kidole kwenye alama za tindo. Zipo, mistari mifupi ya mshazari, karibu karibu, upana wa kidole gumba. Sehemu moja mistari inaelekea kushoto, hatua mbili mbele inaelekea kulia: hapo fundi alibadilisha mkono, au alikuja fundi mwingine. Nilikaa na alama hizo muda mrefu kuliko nilivyokaa na sanamu nyingi.

Upande wa kaskazini wa ua, kushoto ukiingia, kuna kihekalu cha mito mitatu, Ganga, Yamuna na Saraswati, wanawake watatu wamesimama wamelegeza kiuno kama wanaosubiri zamu kisimani. Kumbi za pembeni zimechimbwa ndani ya jabali ghorofa kwa ghorofa, na zamani daraja liliziunganisha na hekalu kuu. Limeanguka, umebaki mkato wa jiwe hewani.

Mengine nitayapitia upesi. Pango namba 10, la Wabudha, ni ukumbi wa sala wenye dari iliyochongwa mbavu mbavu kama ya mbao, wenyeji wanaliita la seremala. Namba 12 lina ghorofa tatu na ukali wa kambi, kisha ghorofa ya juu inakupa safu za Buddha walioketi. Namba 15 limebeba maandishi ya Dantidurga. Namba 29 linakurudisha Elephanta: ukumbi ule ule mpana, Shiva yule yule mkubwa. Kila moja lingestahili siku yake.

Mwisho tukaenda kaskazini kabisa, kwa Wajaini. Pango namba 32 lina nakshi nyembamba mno, hasa yungiyungi la darini ghorofa ya juu, na wengi wanaishia hapo. Sisi tukarudi nyuma hadi namba 30, ambalo watalii wachache hulifikia. Linaitwa Chhota Kailasa, Kailasa ndogo. Karne ya 9 Wajaini walianza kuchonga hekalu kwa mfano wa lile kubwa: ua, lango, mnara wa mtindo wa kusini, ukumbi. Hawakulimaliza.

Kwa mtu wa ujenzi pango hilo ni hazina. Kazi iliyokamilika inaficha njia yake, hii imeachwa wazi. Unaona palipolainishwa na palipokwanguliwa tu. Unaona jiwe lililotengwa kwa kitu ambacho hakikutokea. Nilimwonyesha mdogo wangu kona moja ambapo mchongaji alikuwa ametoa mabega ya umbo, na kutoka hapo kwenda chini ni mwamba mtupu.

"Hapa walikuwa wanasubiri nini?" akaniuliza.

"Walikuwa wanakwenda chini," nikamwambia. "Kila kilicho juu ya mstari huu kilikuwa kimekwisha."

Akachuchumaa, akapapasa mstari wenyewe kwa kiganja, akaniomba daftari. Anasomea uhandisi, na mpaka siku hiyo alikuwa amenisindikiza tu kwa heshima ya ukubwa wangu. Alichora kona ile kwa nusu saa, akapima kwa shibiri zake kwa kuwa hatukuwa na futi. Mlinzi alipokuja kutuambia muda wa kufunga umekaribia, alikuwa anauliza kama tunaweza kuahirisha treni ya kesho ili arudi kupima upande wa pili. Tuliahirisha.